Michezo ya Waviking katika baraza zetu: tuchukue nini, tuache nini?

Katika muda wa miezi michache iliyopita, wazazi watatu wasiojuana wameiletea kamati ya msikiti wetu swali moja. Watoto wao wamealikwa na wenzao wa shule kwenye sherehe ya kufunga muhula, na sherehe hiyo imepewa sura ya Waviking: kofia za pembe, ngao za maboksi, na michezo ambayo wazazi hawaijui jina wala asili. Mmoja wao, mama wa watoto wanne, aliuliza kwa ufupi unaostahili kuigwa: je, huo ni ukafiri au ni mchezo tu?

Katika kikao, wazee wetu hawakuwa na kauli moja. Wapo waliosema mlango huo ufungwe moja kwa moja, kwa kuwa watu hao walikuwa waabudu masanamu na wanyang'anyi wa baharini. Wapo waliosema kwamba mtoto anayekatazwa kila kitu bila kuelezwa sababu hujifunza kuficha, na madhara ya kuficha ni makubwa kuliko madhara ya ngao ya boksi. Sheikh wetu alizisikiliza pande zote mbili, kisha akatukumbusha kuwa haifai kukihukumu kitu kabla ya kukijua. Tukapewa kazi ya kusoma, na baada ya kusoma, kujaribu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Waviking walikuwa watu wa nchi ambazo leo ni Norwei, Uswidi na Denmaki. Wanahistoria huanza kuhesabu zama zao mwaka 793, walipoishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne nchini Uingereza, na huzimaliza takriban mwaka 1066. Jina lenyewe lilimhusu hasa yule aliyetoka kwenda safari ya uvamizi. Wengi miongoni mwa watu wa nchi hizo hawakuvamia mtu. Walilima, walivua, walifuga na kufanya biashara, na katika usiku mrefu wa majira ya baridi, jua linapoonekana kwa saa chache tu, walikaa ndani na kucheza. Michezo tunayoizungumzia ilizaliwa au ilikuzwa katika usiku huo.

Sisi Waislamu tuna sababu ya pekee ya kuwafahamu watu hawa, kwani shahidi wao mmoja mashuhuri alikuwa Mwislamu. Mwezi wa Safar mwaka 309 Hijria, yaani Juni 921, Khalifa al-Muqtadir alituma ujumbe kutoka Baghdad kwenda kwa mfalme wa Wabulghari wa mto Volga, aliyeomba mtu wa kuwafundisha watu wake dini na msaada wa kujenga msikiti na ngome. Katika ujumbe huo alikuwemo Ahmad ibn Fadlan. Walifika Mei 922, baada ya kupita katika baridi ambayo mtu wa Baghdad hakuwahi kuiota. Huko kando ya mto, Ibn Fadlan aliwakuta wafanyabiashara walioitwa Rus, ambao wanahistoria wengi wanawahesabu kuwa na asili ya Skandinavia. Aliyastaajabia maumbile yao, akawafananisha na mitende kwa urefu. Lakini uchafu wao ulimshtua, hasa desturi yao ya kunawa uso mtu baada ya mtu katika beseni moja lenye maji yale yale. Msomaji aliyezoea udhu ataelewa kwa nini mwandishi huyo hakuweza kulipita jambo hilo kimya.

Aliandika pia mazishi ya mkubwa wao mmoja, aliyechomwa moto ndani ya jahazi lake pamoja na kijakazi aliyeuawa ili afuatane naye. Aliyaandika aliyoyaona bila kuyapamba. Nakala ya maandishi hayo iliyo kamili zaidi ilipatikana Mashhad, nchini Iran, mwaka 1923, na mwanachuoni Zeki Velidi Togan.

Kuna ushahidi mwingine unaotugusa kwa karibu zaidi. Mwaka 1999, katika shamba la Spillings kwenye kisiwa cha Gotland nchini Uswidi, ilifukuliwa hazina ya fedha yenye uzito wa kilo 67. Ndani yake mlikuwa na sarafu zaidi ya 14,000, na karibu zote zilikuwa dirhamu zilizopigwa katika nchi za Kiislamu, zenye shahada zikiwa zimeandikwa kwa hati ya Kiarabu. Zilifikaje huko? Kwa biashara ya mito mikubwa ya mashariki. Na hapa tusijisafishe: dirhamu hizo hazikununua manyoya, nta na asali peke yake. Zilinunua pia watu. Waviking waliteka vijiji na kuwauza mateka, na miongoni mwa masoko yaliyowapokea mateka hao yalikuwemo masoko ya Waislamu. Wala sisi hatukusalimika na uvamizi wao, kwani mwaka 844 waliivamia na kuipora Ishbiliya, mji wa Andalus ambao leo huitwa Seville, kabla ya jeshi la Amir Abd al-Rahman wa Pili kuwashinda.

Tumeanza na historia kwa makusudi. Mtoto anayekwenda kwenye sherehe ya aina hii mara nyingi huonyeshwa mchezo wa kuvamia: kundi moja ni Waviking, kundi jingine ni wanakijiji, na ushindi ni kuteka. Mchezo huo hatuutaki. Katika ardhi yetu, ambako misafara ya mateka ilipita na watu wakauzwa sokoni, kuteka watu si jambo la kuchezea. Mzazi anaweza kulisema hilo kwa mtoto wa miaka 8 naye akalielewa; tumejaribu.

Ama kuhusu kofia za pembe, tumepata habari ya kuchekesha kidogo. Hakuna kofia ya chuma ya Waviking yenye pembe iliyowahi kufukuliwa. Ile iliyohifadhika vyema zaidi ilipatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, nayo ni ya mviringo, ina kinga ya macho na haina pembe hata moja. Pembe zilitiwa nguvu na mshona mavazi wa jukwaani, Carl Emil Doepler, alipowavisha waimbaji wa opera za Wagner huko Ujerumani mwaka 1876. Kwa hiyo mtoto wako asipovaa pembe hapungukiwi na chochote. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Badala ya pembe tuliwapa watoto maboksi wakate ngao za duara. Katika jahazi la Gokstad, lililofukuliwa Norwei mwaka 1880, zilikutwa ngao 64 zilizopakwa rangi ya manjano na nyeusi kwa kupishana. Rangi mbili, duara moja, na mkasi: asubuhi nzima ilipita kimya.

Sasa tuingie kwenye michezo yenyewe, na tuanze na ule uliotushika zaidi.

Waviking waliuita hnefatafl. Ni mchezo wa ubao, na kete zake, nyingine za kioo, nyingine za mfupa au pembe, zimekutwa katika makaburi yao mengi, likiwemo eneo la Birka nchini Uswidi. Sataranji ilipofika kaskazini, baada ya safari yake ndefu kutoka India kupitia Uajemi na nchi za Waarabu, mchezo huu wa kale ulififia na kanuni zake zikapotea. Kilichotuokolea sehemu yake ni daftari la kijana mmoja. Mwaka 1732, Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea aliyekuwa na umri wa miaka 25, alisafiri miongoni mwa Wasami wa kaskazini ya mbali, akawaona wakicheza mchezo wa jamii hiyo uitwao tablut, akauandika. Tunaoucheza sisi ni huo.

Chora ubao wa vyumba 9 kwa 9, jumla vyumba 81. Katikati kabisa anakaa mfalme. Ana walinzi 8, wawili wawili kila upande wake, wamejipanga kama msalaba wa njia panda. Wavamizi ni 16: katika kila ukingo wa ubao, watatu wanakaa vyumba vya katikati, na wa nne anakaa mbele ya yule wa kati. Ukivitazama vyumba vya mstari wa katikati kutoka ukingo hadi ukingo, utaona wavamizi wawili, walinzi wawili, mfalme, walinzi wawili, wavamizi wawili. Ukikosa mpangilio huo, rudi uhesabu upya.

Kete zote hutembea kwa namna moja, mbele, nyuma au ubavuni, vyumba vingi kadiri vilivyo vitupu, kama ngome inavyotembea katika sataranji. Hakuna kwenda mshazari na hakuna kuruka juu ya mwenzako kama katika drafti. Kete huliwa inapobanwa na adui wawili, mmoja huku na mwingine kule, katika mstari mmoja. Lakini ikiingia yenyewe kati ya adui wawili, hailiwi. Wavamizi hushinda wakimzingira mfalme pande zote nne. Mfalme hushinda akifika ukingoni. Linnaeus aliandika kwamba mwenye mfalme, akiona njia moja ya kutokea, hupaza sauti na kusema "raichi", na akiona njia mbili husema "tuichu", hapo mwenzake ajue mambo yamekwisha, kwa kuwa hawezi kuziba mbili kwa zamu moja. Watoto wetu wameshika maneno hayo kwa kasi ya kutisha. Sasa yanasikika hata kwenye foleni ya mwiko.

Kinachoupa mchezo huu ladha ni kwamba pande mbili hazilingani. Katika bao la kete na katika drafti, wachezaji wote huanza na mali sawa. Hapa mmoja ana watu wengi na lengo la kufunga, mwingine ana watu wachache na lengo la kutoroka, na kila mmoja lazima afikiri kwa namna yake. Ndiyo maana mechi moja haitoshi. Mkimaliza, badilishaneni pande, na mshindi ahesabiwe kwa mechi mbili. Kwa kanuni ya kumzingira mfalme pande nne, mwenye mfalme ana nafuu. Mkiona anashinda kila mara, kubalianeni kabla ya kuanza kwamba akishakiacha chumba chake cha katikati na kutoka mbali nacho, anakamatwa kama kete nyingine, kwa adui wawili.

Hatukununua kitu. Ubao ulichorwa kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda ya mwaka jana, kete zilikuwa vizibo vya soda vya rangi mbili, na mfalme alikuwa kifuniko cha chupa ya mafuta ya kupikia. Mmoja wa wazee aliyekuwa mpinzani mkali wa jambo zima alisogea kuona kama kuna sanamu. Alipokuta kifuniko cha mafuta, alikaa. Akaomba upande wa wavamizi. Aliondoka baada ya adhana ya Laasiri, akiwa amefungwa mara tatu na binti wa miaka 11, na alituomba tusimwandike. Jina lake hatukuliandika.

Mchezo wa pili ni wa uwanjani, nao huitwa kubb, neno la Kiswidi lenye maana ya gogo. Umeshamiri katika Gotland, kisiwa kile kile cha dirhamu, na tangu mwaka 1995 mashindano ya dunia ya mchezo huu hufanyika huko katika kijiji cha Rone. Wauzaji hupenda kuuita mchezo wa Waviking. Hakuna ushahidi wa kutosha wa kuuthibitisha ukale huo, na mzazi anayependa ukweli awaambie watoto hivyo. Sisi tumeuchukua kwa sababu ni mchezo wa familia kuliko yote: babu, mjukuu na shemeji wanaweza kusimama mstari mmoja bila mmoja wao kuwa na faida kubwa ya nguvu.

Pima uwanja wa mstatili, upana mita 5 na urefu mita 8. Katika kila mstari wa nyuma simamisha magogo 5 ya mbao, kila moja na urefu wa sentimita 15. Katikati ya uwanja msimamishe mfalme, gogo la sentimita 30. Tengeneza virungu 6 vya mviringo, urefu sentimita 30. Vipande vya mpini wa jembe vinafaa sana. Seremala jirani alitukatia vyote kutoka mabaki ya mbao zake, akakataa malipo, akaja kucheza.

Timu ya kwanza husimama nyuma ya mstari wake na kurusha virungu 6 ili kuangusha magogo ya wapinzani. Kirungu hurushwa kwa mkono kutoka chini, kikizunguka kichwa kwa mkia. Hairuhusiwi kukirusha kikiwa kimelala na kuzunguka kama feni, kwa sababu ni rahisi mno na ni hatari. Magogo yaliyoangushwa hayatolewi mchezoni. Wenyewe huyaokota na kuyarusha upande wa pili, nayo husimamishwa pale yalipoangukia. Zamu yao ikifika, lazima wayaangushe kwanza hayo kabla ya kuyagusa ya mstari wa nyuma. Wakishindwa kuyamaliza, wapinzani hupata haki ya kusogea mbele na kurushia kutoka kwenye gogo lililosimama karibu zaidi na mfalme. Hivyo timu iliyokuwa nyuma inaweza kurudi mchezoni kwa zamu moja, na aliyedhani ameshinda akajikuta anatafuta msaada.

Timu iliyomaliza magogo yote ya wapinzani ndiyo inayoruhusiwa kumwangusha mfalme, kwa kurusha kutoka mstari wake wa nyuma. Anayemwangusha mapema, hata kwa bahati mbaya, timu yake imeshindwa papo hapo. Tumeona wanaume wazima wakiwa wamebakiza gogo moja tu, wakarusha kwa pupa, mfalme akalala chini. Mkeka mzima ulisimama.

Tahadhari moja: mtu asisimame nyuma ya uwanja, na watoto wadogo wakae ubavuni umbali wa mita kadhaa. Akina mama walikuwa na uwanja wao nyuma ya jengo la madrasa. Kwa taarifa tuliyopewa, walimaliza mechi nne katika muda ambao sisi tulikuwa bado tunabishana kuhusu kanuni ya kusogea mbele.

Upo mchezo wa ngozi, ambao tutaugusa kwa ufupi. Katika hadithi za Aislandi hutajwa mchezo wa kurushiana ngozi ya mnyama iliyokunjwa, watu wanne pembeni na mmoja katikati akijaribu kuidaka. Gunia lililokunjwa na kufungwa kamba linatosha. Hutajwa pia kuvutana kwa ngozi juu ya shimo la moto. Sisi tulivutana juu ya mstari wa chokaa.

Mchezo wa mpira wa watu hao, knattleikr, uliochezwa kwa mpira mgumu na fimbo, kanuni zake kamili zimepotea, kwa hiyo hatukuujaribu. Lakini tunautaja kwa sababu ya kisa kilichoandikwa Aislandi katika karne ya 13. Egil, ambaye baadaye alikuwa mshairi mkubwa wa watu wake, alicheza mpira huo akiwa mtoto wa miaka 6 au 7 dhidi ya mvulana aliyemzidi umri na nguvu. Alipozidiwa, alikwenda kuchukua shoka, akarudi, akamuua. Kisa hicho hakilaani jambo hilo kama tulivyotazamia. Mama yake anaonekana kuona fahari.

Tuliwasimulia watoto wakubwa kisa hiki kabla ya kuanza, nao walikisikiliza kwa kimya ambacho mawaidha yetu hayapati mara nyingi. Hata hivyo, kabla ya adhuhuri mvulana mmoja wa miaka 12, aliyefungwa mara ya pili mfululizo, aliupindua ubao na vizibo vikatawanyika. Baba yake aliinuka kumchapa. Babu yake akamzuia baba kwa mkono, akamwambia kijana: "Mjukuu wangu, zikusanye, uzipange kama zilivyokuwa." Kijana alipanga vizibo 24 na mfalme wao, kimoja kimoja, mbele ya mdogo aliyemfunga, akamkosea kupanga mara mbili na mdogo akamwonyesha. Kisha mechi ikaendelea kutoka pale ilipokuwa. Katika kamati tuna maoni tofauti kama adhabu hiyo ilitosha. Sisi tunaoandika tunaona ilitosha.

Sasa tuseme wazi kuhusu kamari, kwani hapo ndipo hofu yetu ilipokuwa kubwa zaidi. Katika makaburi ya Waviking zimekutwa dadu, na tuna hakika watu hao walizijua vyema. Dadu tumeziacha kabisa. Msimamo wa wanachuoni wengi juu yake unajulikana. Hatukutarajia, hata hivyo, kwamba mchana, mechi ya kubb ilipopamba moto, vijana wawili wangependekeza kila mchezaji aweke shilingi 1,000 ili mshindi achukue zote. Walilisema bila aibu, kama jambo la kawaida, na hilo ndilo lililotuuma. Vijana hawa hubeti kwa simu kila mwisho wa juma, na kwao mchezo usio na fedha ndani yake haujakamilika. Hatukuwafukuza. Tulisimamisha mechi, tukawaeleza kwamba fedha inayotolewa na wachezaji wote ikaenda kwa mmoja wao ni maysir iliyokatazwa katika Sura al-Maida, iwe imeitwa jina gani, kisha tukawakabidhi kazi ya waamuzi. Mmoja aliondoka. Wa pili alibaki hadi magharibi, na wiki iliyofuata alikuja kuazima virungu.

Mshindi alipata haki moja tu: kukata halua na kuigawa, kwa sharti kwamba kipande chake ni cha mwisho. Tumeona kuwa ugawaji umekuwa wa haki ya kupendeza.

Jioni, watu wakiwa wamechoka, huja zamu ya maneno. Waviking walikuwa wapenzi wakubwa wa vitendawili na mafumbo, na hapo sisi hatuhitaji mwalimu. Washairi wao walikuwa na desturi ya kutokitaja kitu kwa jina lake: jahazi waliliita farasi wa mawimbi, na bahari njia ya nyangumi. Tuliwaomba watoto wabuni majina ya namna hiyo kwa vitu vya nyumbani, na wengine wafumbue. Mwezi wa jikoni ulikuwa chapati. Mwadhini asiye na udhu, jogoo. Jina hilo lilizua mjadala mfupi kabla ya sheikh kucheka, na wote wakacheka.

Wenye watoto wanaojua kusoma wanaweza kuongeza kutafuta kitu kilichofichwa kwa kufuata maandishi ya siri. Waviking waliandika kwa herufi 16 ziitwazo runi, zenye mistari iliyonyooka kwa kuwa zilichongwa kwenye mbao na mawe. Katika Hagia Sophia ya Istanbul, ambayo leo ni msikiti, juu kwenye roshani kuna maandishi ya runi yaliyokwanguliwa kwenye marumaru, na jina linalosomeka ni Halfdan. Mgeni mmoja kutoka kaskazini alisimama pale akaacha jina lake, kama vijana wetu waachavyo majina kwenye madawati. Tumieni runi kama alfabeti tu. Wapo watu leo wanaouza mawe yenye runi kwa ajili ya kutabiri bahati, na hiyo ni ramli kama ramli nyingine.

Hapa tuongeze jambo dogo. Mwaka 2017 ilienea habari kwamba nguo za maziko za Waviking zilikutwa na jina la Allah lililofumwa kwa hati ya Kufi, na wengi wetu tulitumiana habari hiyo kwa furaha. Wataalamu wa hati hiyo waliipinga baada ya muda mfupi. Dirhamu za Gotland zinatosha, hazihitaji kupambwa.

Kuhusu chakula, watu hao walikausha samaki kwenye upepo, walikula mikate myembamba na walikunywa maziwa yaliyoganda. Papa mkavu, chapati na mtindi vitakufikisha karibu kabisa. Pombe yao ya asali tuliibadilisha kwa juisi ya ukwaju.

Kwa wazazi watatu waliouliza, jibu la kamati ni hili. Mtoto aende. Asivae kidani cha nyundo, kwa kuwa nyundo hiyo ni alama ya mungu wao Thor na wapo wanaomwabudu hadi leo. Asishiriki mchezo wa kuteka watu wala wa dadu. Mzazi azungumze na mwenye sherehe mapema kuhusu nyama na vinywaji, kwa adabu, bila kusubiri mtoto afike mezani. Mama wa watoto wanne alipopata jibu alisema ni refu kuliko swali lake, kisha akaomba vipimo vya virungu.

Ubao na seti ya magogo vipo katika ofisi ya msikiti kwa anayetaka kuazima, kwa siku mbili tu, na kete zihesabiwe wakati wa kurudisha. Mmewekewa pia vitendawili vinne tulivyobuni kwa ajili ya jioni hiyo. Kitendawili! Tega!

Farasi wangu hali majani wala hanywi maji, lakini bila maji haendi.

Bibi kavaa shuka jeupe. Jua likitoka, shuka linalia.

Nina maadui 16 na walinzi 8. Nikigusa ukuta nimepona.

Tuko watano mstarini. Tukiangushwa tunarushwa, tukirushwa tunasimama tena.

Majibu, kwa mpangilio huo huo: jahazi, theluji, mfalme wa tablut, magogo ya kubb.